Usimpe fundi laptopu yako kabla ya kuandika tarakimu 48

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalogombanisha wateja na mafundi, kuanzia Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya hadi Miyomboni kule Iringa. Mtu anapeleka laptopu kubadilishiwa kibodi. Jioni anaichukua, anaiwasha, anakutana na skrini ya bluu inayomtaka aingize namba ndefu ambayo hajawahi kuisikia. Hapo fundi anaitwa mwizi. Fundi naye, kwa kutojua, anajibu kwamba Windows imekufa na kushauri ifutwe iwekwe mpya. Wote wawili wanakosea, na kazi ya miaka inapotea bure.

Kibodi yenyewe haihusiki na namba hiyo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kila kompyuta iwe na TPM ya toleo la 2.0. Hiyo ni chipu ndogo ya usalama iliyochomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), au sehemu maalumu iliyomo ndani ya prosesa, ambayo Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda data za diski, chipu hiyo ndiyo inayotunza ufunguo wake. Kila unapowasha mashine, chipu hupima namna inavyoamka: programu gani imetangulia, Secure Boot (kinga ya kuzuia programu isiyoaminika wakati wa kuamka) imewashwa au imezimwa, diski ipi inasomwa kwanza. Vipimo vikiwa vilevile vya jana, ufunguo hutolewa kimyakimya na wewe huoni kitu. Vikibadilika, chipu inagoma na Windows inakudai namba ya kurejeshea.

Sasa angalia anachofanya fundi. Anachomoa betri kubwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Halafu, kwa mazoea, anachomoa pia ile betri ndogo ya saa, au anaikuta imekwisha nguvu. Katika mashine nyingi mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, hurudi kama ilivyotoka kiwandani, na hapo vipimo vya chipu havilingani tena. Wapo wanaosasisha BIOS bila kuulizwa, na wapo wanaoingia BIOS na kuchagua kufuta TPM ili "matatizo yaishe". Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kama namba ya kurejeshea haipo, kufuta TPM ni kuifunga diski na kutupa ufunguo mtoni.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, itafute namba yako. Andika cmd kwenye menyu ya kuanzia, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua kufungua kama msimamizi, kisha andika manage-bde -protectors -get C: na ubonyeze Enter. Diski ikiwa imefungwa utaona tarakimu 48 katika mafungu manane, kila fungu tarakimu sita. Juu yake kuna kitambulisho cha ufunguo. Nakili herufi nane za mwanzo za kitambulisho hicho pia, kwa sababu skrini ya bluu huonyesha kitambulisho ili ujue inataka ufunguo upi, hasa kama una mashine zaidi ya moja.

Iandike kwa kalamu, kisha ihakiki kwa kikokotoo cha simu: kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki, na hakuna fungu linalozidi 720885. Fungu 135795 linakubalika, maana ni 11 mara 12345. Ukigawanya ukapata desimali, umenakili vibaya. Rudi uangalie tena. Karatasi hiyo isikae kwenye begi la laptopu wala ndani ya faili lililomo kwenye laptopu hiyohiyo. Utashangaa ni wangapi wanaihifadhi huko.

Kama mashine imeshagoma, jaribu akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo mara ya kwanza ulipoiwasha. Mara nyingi namba imehifadhiwa huko, na unaweza kuisoma kwa simu kupitia account.microsoft.com/devices/recoverykey. Laptopu ya ofisi au ya chuo, namba yake huwa kwa msimamizi wa mifumo wa taasisi. Na hapa tuwaseme wenzetu: fundi anayemwekea mteja Windows kwa kutumia barua pepe yake mwenyewe, au barua pepe aliyoitunga papo hapo na kuisahau, anaondoka na ufunguo wa nyumba ya mtu. Mteja akiona jina asilolijua kwenye akaunti ya kompyuta yake, alalamike siku hiyohiyo.

Fundi mwenye utaratibu atasimamisha ulinzi wa BitLocker kwanza, kwa amri manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0. Diski haifunguliwi wala kufutwa. Windows huacha tu kwa muda kuitegemea chipu. Kazi ikiisha anarudisha kwa manage-bde -protectors -enable C:. Sifuri ile ya mwisho ina maana. Bila hiyo ulinzi hurudi wenyewe baada ya kuwasha upya mara moja, na fundi huwasha mara nyingi akijaribu kazi yake.

Jambo moja linalosaidia pale ambapo kibodi ndiyo mbovu: kwenye skrini ya bluu, tarakimu zinaweza kuingizwa kwa vitufe vya F1 hadi F9, na F10 ikawa sifuri. Mstari wa namba ukiwa umekufa, huo wa juu unaweza kuwa mzima. Kibodi ya nje ya USB nayo hufanya kazi.

Tuje kwenye kibodi yenyewe, maana si kila inayoletwa imekufa. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, Windows inawasha Filter Keys, na kuanzia hapo vitufe vinaonekana vizito au havijibu kabisa. Kwenye laptopu ndogo zisizo na sehemu ya namba pembeni, Num Lock ikiwaka, U, I na O huandika 4, 5 na 6. Mtu anadhani kibodi imeharibika, kumbe ni kitufe kimoja. Kipimo rahisi ni kuchomeka kibodi ya nje. Nayo ikiandika ovyo, tatizo liko kwenye Windows. Ikiandika vizuri, ingia BIOS ujaribu ile ya ndani huko ambako Windows haijafika. Vitufe vilivyokufa kwa kundi, siyo kimoja kimoja, huashiria njia iliyokatika ndani ya karatasi za plastiki zilizo chini ya vitufe, au utepe, ule waya bapa unaounganisha kibodi na mazabodi, uliokaa upande.

Chai ya maziwa yenye sukari ikimwagika, zima kwa kushikilia kitufe cha umeme, chomoa chaji, igeuze kifudifudi. Usiianike juani wala karibu na jiko, na usiifukie kwenye mchele. Ifunguliwe, betri ichomolewe, ubao usafishwe kwa brashi laini na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Kibodi iliyonywa sukari haioshwi ikapona, hubadilishwa. Tukuyu na maeneo yote ya mvua nyingi usisubiri wiki ijayo, kwani unyevu na sukari hula shaba polepole huku mashine ikionekana nzima.

Kununua kibodi kwa kusema "ya HP" au "ya Dell" ni kutafuta hasara, hasa inapoagizwa Kariakoo na kuja kwa basi ambapo kuirudisha ni gharama nyingine. Geuza kibodi ya zamani usome namba ya kipuri: Lenovo huiandika baada ya herufi FRU, Dell baada ya DP/N, HP baada ya SPS. Kisha tazama Enter. Ya Kimarekani imelala, ya Kiingereza imesimama na kupinda, na fremu zake haziingiliani. Mitumba kutoka Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi. Ya Ufaransa ina A na Q. Kwa hizo unaweza kubadili mpangilio ndani ya Windows bila kununua chochote, ukivumilia herufi zilizoandikwa juu ya vitufe kutolingana na zinazotokea. Na usinunue kibodi yenye taa kwa mashine iliyokuja bila taa kabla ya kuhakikisha kwamba mazabodi ina soketi ya utepe wa pili.

Namna ya kufunga ndiyo inayoamua ugumu wa kazi. Lenovo ThinkPad T470 na T480 kibodi hutoka kwa juu: unafungua kifuniko cha chini, unatoa skrubu chache, unasogeza fremu, inanyanyuka. Hiyo ni kazi ya kukaa kwenye benchi ukisubiri. Lakini laptopu nyingi za bei nafuu kibodi yake imefungwa kwa ndani kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, makumi kwa makumi, na ili uifikie ni lazima utoe betri, mazabodi, feni na spika. Vichwa hivyo hukatwa ili kibodi itoke, na hapo ndipo kazi mbovu inapozaliwa. Fundi anapaka supaglu. Mvuke wake unaacha weupe kwenye plastiki, na gundi yenyewe inatambaa hadi chini ya vitufe. Vishina vilivyobaki viyeyushwe kwa chuma cha kulehemia chenye ncha bapa, kwa moto mdogo, kimoja kimoja, huku kibodi imekandamizwa. Vilivyokatika kabisa vishikwe kwa tone la gundi ya epoksi ya mirija miwili, na isubiriwe ikauke. Katikati ya kibodi isisahauliwe, kwani ndiko vidole vinakopiga zaidi. Kibodi isiyoshikwa katikati hudunda. Karatasi nyeusi au ya alumini iliyokuwa mgongoni irudishwe, si takataka ile. Tunavyoona sisi, mashine ya aina hii ni afadhali kununua kipande chote cha juu pamoja na kibodi yake, ingawa bei inapanda.

Tepe nazo zinaua mashine nyingi. Kila utepe unaingia kwenye soketi yenye kilango chembamba. Vingine hunyanyuka kama mfuniko, vingine huvutwa nje kidogo kwa pande zote mbili. Ukinyanyua kinachopaswa kuvutwa, kinakatika, na soketi mpya ni kuchomelea kwa hadubini. Utepe uingie umenyooka mpaka mstari uliochapwa juu yake ulingane na ukingo wa soketi, ndipo kilango kifungwe. Na betri iwe imechomolewa. Utepe wa taa ukiingia upande huku umeme upo, fyuzi ndogo ya taa inaungua. Kibodi itaandika lakini haitawaka tena, na mteja ataambiwa eti kibodi mpya ni feki. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo ndani ya BIOS la kuzima betri ya ndani kabla ya kufungua. Litumike.

Tachipadi isiyobonyezeka, kabla ya kuagiza nyingine, fungua utazame betri. Kwenye mashine nyingi betri imelala chini yake, na betri iliyovimba huisukuma tachipadi juu mpaka kitufe chake kinakwama. Ukibadilisha tachipadi ukaiacha betri hiyo, umelipia tatizo mara mbili. Betri iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe ili kifuniko kifunge, isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Sababu ya pili ni skrubu ndefu iliyorudishwa kwenye tundu la fupi. Inapenya mpaka kuigusa tachipadi kwa chini. Skrubu zipangwe kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu yake, basi.

Kuhusu kisoma alama za vidole, kipindi cha baridi ndipo malalamiko yanapojaa. Juni na Julai, Mbeya, Makete, Njombe na Mafinga ngozi hukauka na kupasuka, na sensa hizi husoma matuta ya kidole kwa chaji ndogo ya umeme, hivyo kidole kikavu hakisomeki vizuri. Wachuma chai wa Rungwe na Mufindi, wavuna viazi na waashi wana alama zilizosagika. Wanaijua adha hiyo tangu kusajili laini za simu. Sensa nzima inabadilishwa bure kwa kosa la hali ya hewa. Futa sensa kwa kitambaa laini, usitumie thina wala mafuta ya taa. Paka kidole mafuta kidogo kisha uyafute. Futa usajili wa zamani, sajili upya kidole kilekile wakati huuhuu wa baridi, ukikigeuza pembe tofauti, na ongeza kidole cha mkono wa pili ambacho hakifanyi kazi ngumu.

Sensa ikibadilishwa kweli, tegemea kusajili vidole upya. Windows inakidai kidole kiambatane na PIN, na PIN hiyo imefungamana na TPM. Kwa hiyo mazabodi ikibadilishwa, PIN na vidole vyote hukoma, na kinachobaki ni nenosiri la akaunti. Lijue kabla. Sensa ya mtumba inaweza kuja na usajili wa mwenye mashine wa kwanza, kwa sababu nyingine huhifadhi alama ndani ya chipu yao wenyewe. Dalili yake ni usajili kukataa bila sababu. Kwenye ThinkPad ingia BIOS, sehemu ya usalama, ufute data za vidole. Na sensa yako ya zamani, omba urudishiwe. Kinachokaa humo ni maelezo ya kihesabu ya alama, si picha ya kidole, kwa hiyo hofu ya kwamba fundi ataenda kutoa pesa kwa kidole chako haina msingi. Hata hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 inazihesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti, na fundi asiyejua hilo asishike sensa ya mtu.

MacBook zina sheria yake. Kuanzia MacBook Pro za 2016 zenye Touch ID, kitufe cha kidole kimeoanishwa na mazabodi yake. Ukiweka cha mashine nyingine, kitawasha na kuzima lakini hakitasoma kidole, mpaka kioanishwe kwa mfumo wa Apple wenyewe. Anayebadilisha kibodi ya MacBook ahamishe kitufe cha asili kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote.

Kwa Dell za kiofisi, Latitude na Precision, vipo vibao vidogo vinavyounganisha kisoma vidole, kisoma kadi na NFC (kusoma kadi kwa kuisogeza karibu), vikitumia ControlVault, mfumo wa Dell wa kutunza siri hizo. Agosti 2025 watafiti wa usalama wa Cisco Talos walitangaza udhaifu wa aina tano katika mfumo huo, unaogusa aina zaidi ya 100 za laptopu. Walionyesha kwamba mtu akiifungua mashine na kukifikia kibao kile, anaweza kubadilisha programu yake ili kikubali kidole chochote. Wao walikifungulisha kwa kitunguu cha majani. Dell ilikuwa imeshatoa marekebisho mwaka huohuo. Ofisi zinazonunua vibao hivi vya mtumba, au Latitude nzima za mtumba, zisasishe programu ya ControlVault kutoka tovuti ya Dell kabla ya mtu yeyote kusajili kidole. Kisoma kadi chenyewe hakina mengi: kikiacha kusoma, safisha meno yake, kagua utepe, na kama ofisi yenu haitumii kadi, kiacheni.

Kuna kufuli nyingine inayowashtua watu. Baadhi ya ThinkPad zina mpangilio wa kugundua kifuniko cha chini kikifunguliwa. Ukiwa umewashwa, mashine hudai nenosiri la msimamizi wa BIOS. Mtumba uliotoka kwenye kampuni ya nje unaweza kuwa nao, na nenosiri liko Ulaya. Ingia BIOS kabla ya kununua uone kama inadai nenosiri.

Siku ya kuchukua mashine, usilipe ikiwa imewashwa tayari mezani. Skrini ya bluu hutokea wakati wa kuamka tu. Mwambie fundi afunge skrubu zote, azime kabisa, awashe mbele yako, kisha afanye hivyo mara ya pili. Fungua ukurasa mtupu ubonyeze kila kitufe pamoja na mstari wa F na mishale, shikilia Shift zote mbili kwa zamu, bonyeza tachipadi kwenye pembe zake nne, washa taa ya kibodi, weka kidole. Mwisho andika manage-bde -status C: uone kama ulinzi uliosimamishwa umerudishwa.

Ni sisi mafundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya.